Kwa Nini Bahari Hula Huku na Kujaza Kule

Wakulima wa skimu za makazi zilizo karibu na pwani wana swali moja wanaloliuliza sana, nalo ni hili: Kwa nini bahari hula nchi mahali fulani, na mahali pengine, si mbali sana, huleta mchanga mpaka maji yenyewe yakawa mbali? Mwenye minazi Kipini ameiona ikianguka majini, mmoja leo, mwingine mwakani. Mwenye nyumba Malindi hukumbuka siku alipotoka mlangoni akafika majini mara moja, na sasa hana budi kuvuka mchanga mwingi chini ya jua kabla hajalowesha mguu. Bahari ni ile ile moja. Mbona humpa huyu na kumnyang'anya yule?

Swali ni zuri, na jibu lake halikai pwani peke yake. Mkulima wa Makueni ambaye hajapata kuonja maji ya chumvi, na mkulima wa mpunga kule Mwea, na yule wa Shimba Hills, kila mmoja ana sehemu yake katika jambo hili. Ufuo wa bahari ni kama ghala. Kuna kinachoingia na kuna kinachotoka, na ukitaka kujua kwa nini ghala limejaa au limepungua, huna budi kuuliza habari za shamba. Lakini kwanza tutazame jengo la ghala lenyewe.

Jiwe lililokuwa hai

Mtu aliyechimba kisima au choo Kikambala, Vipingo au Gede analijua jiwe lile jeupe lenye matundu ambalo huvunja mpini wa sururu. Ukilipasua na kulitazama vizuri utaona ndani yake maumbo ya matumbawe na makombe. Jiwe hilo lilikuwa hai. Lilijengwa majini na viumbe wadogo, laini kama ute, ambao kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa na kukaa ndani yake. Akifa, mwingine hujenga juu ya kikombe chake. Sehemu kubwa ya mwamba huo wa pwani yetu ilijengwa yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa futi 20 au zaidi. Baadaye bahari ikashuka, na mwamba ukaachwa mkavu. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa namna hiyo, na Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imesimama juu yake.

Kisha baridi kuu ikaingia duniani. Yapata miaka 20,000 iliyopita maji mengi mno yalikuwa yamegeuka barafu katika nchi za kaskazini, na bahari ilikuwa chini kwa futi 400 hivi kuliko ilivyo leo. Mito yetu ikalazimika kuifuata bahari huko chini, ikachimba mabonde marefu kupita katikati ya mwamba. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikarudi juu na kuyajaza mabonde yale. Hayo ndiyo hori tunazoziona leo: Kilindini, Mtwapa, Kilifi na nyinginezo. Meli kubwa huingia Kilindini bila shida kwa sababu zinapita juu ya bonde la mto lililozama. Bahari ilifika karibu na mahali pake pa sasa yapata miaka 6,000 iliyopita.

Majabali ya jiwe hili huliwa chini, si juu. Maji yakijaa hupiga mguu wa jabali, konokono wa baharini hulikwangua wakitafuta chakula, na chokaa yenyewe huyeyuka kidogo kidogo. Nenda Watamu maji yakiwa yamekupwa, utaviona visiwa vidogo vilivyo kama uyoga, kichwa kipana na shingo nyembamba. Mwishowe kichwa huanguka kwa siku moja. Kwa hiyo mwenye shamba lililofika ukingoni mwa jabali asijenge zizi wala jiko karibu na ukingo kwa kuwa tu ameona nyasi zimeota vizuri hapo. Ashuke chini kwanza maji yakiwa yamekupwa, atazame ni kiasi gani cha shamba lake kimebaki hewani.

Ukuta wa nje, na mchanga wa ndani

Nje ya ufuo, kutoka upande wa mpaka wa Tanzania mpaka Malindi, uko mwamba mwingine ambao ungali hai. Mawimbi makubwa ya bahari kuu huvunjika hapo, nayo yafikapo ufuoni yamekwisha punguza nguvu. Siku za bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka kiasi cha futi 13, kwa hiyo maji yakijaa sana baadhi ya mawimbi hupita juu ya mwamba. Lakini nguvu iliyopotea pale nje haifiki kwenye minazi.

Matumbawe hayavumilii kila maji. Yanataka maji ya chumvi, ya vuguvugu, masafi, yenye mwanga wa jua. Ndiyo sababu mwamba huwa na milango mbele ya hori na midomo ya mito: maji baridi ya mvua na tope havikuyaruhusu kuota hapo. Mbele ya mdomo wa mto Sabaki hakuna mwamba. Jambo hili tulishike, maana tutalirudia.

Sasa tuuangalie mchanga. Wengi hudhani mchanga wote ni wa namna moja, lakini uko wa aina mbili na asili zake ni mbali mbali. Mchanga mweupe wa Diani na sehemu nyingi za kusini umetoka baharini: ni matumbawe, makombe na mimea ya chokaa iliyosagwa. Sehemu ya kazi hiyo ya kusaga hufanywa na samaki aitwaye pono, ambaye huuma matumbawe kwa mdomo wake mgumu, huyatafuna, na kutoa nyuma mchanga mtupu. Watu wa pwani wamezoea kumsema pono kwa usingizi wake, lakini mchana hana uvivu hata kidogo. Mchanga wa pili ni ule wa rangi ya kahawia, wenye chembe zinazometameta na mara nyingine mistari myeusi mizito. Huo umetoka bara, umeletwa na mito.

Yuko njia nyepesi ya kuutambua kwa mikono yako mwenyewe. Chukua mchanga mkavu kiasi cha kijiko, uudondoshee siki. Ukitoa mapovu, ni chokaa, basi ni mtoto wa bahari. Usipotoa kitu, ni mtoto wa mlima. Walimu wa skuli zilizo kwenye skimu wanaweza kulifanya jaribio hili darasani, maana gharama yake ni siki tu, na watoto hawalisahau.

Maana yake kwa mkulima ni hii. Mahali penye mchanga mweupe, mwamba ukifa, kiwanda cha mchanga kimefungwa. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto lisilo la kawaida na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe na kufa. Tena mtu anayechimba matumbawe ili achome chokaa, au anayepakia mchanga wa ufuoni kwenye gari kwa ajili ya ujenzi, anachukua akiba ambayo haitajazwa upesi, maana matumbawe ya aina ile ya mafungu makubwa huongezeka kiasi cha nusu inchi kwa mwaka.

Kaskazi na kusi

Mchanga haukai. Kuanzia mwezi wa Aprili hivi mpaka Oktoba kusi huvuma kwa nguvu kutoka upande wa kusini-mashariki, na mawimbi yake huufikia ufuo kwa upande, hayauelekei moja kwa moja. Wimbi hupanda mchangani kwa mshazari, kisha maji yakirudi hushuka wima. Chembe ya mchanga iliyopandishwa kwa mshazari na kushushwa wima imesogea hatua moja kuelekea kaskazini. Ni kama mtu afagiaye uwanja akielekeza ufagio upande mmoja: kila mfagio ni mdogo, lakini jioni taka zote ziko ukutani. Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, kazi hugeuka na mchanga mwingine hurudishwa kusini. Kaskazi kwa kawaida ni pole kuliko kusi, kwa hiyo hesabu mara nyingi hailingani.

Hapo ndipo ugomvi wa majirani unapoanza. Mtu akijenga ukuta wa mawe kutoka ufuoni kuingia majini ili azuie mchanga mbele ya kiwanja chake, mchanga hukusanyika upande mmoja wa ukuta, na jirani wa upande wa pili huona ufuo wake ukikonda. Yeye naye hujenga, na wa tatu hulia. Ukuta wa kusimama mbele ya nyumba nao una ubaya wake: wimbi likiupiga hurudi kwa nguvu na kuchimba mchanga ulio mguuni pake. Nyumba huweza kuokoka, lakini ufuo hupotea. Kwa ngome ya kale kama Fort Jesus ilikuwa lazima kuweka ukuta wa mawe dhidi ya mawimbi, kwa sababu ngome haihamishiki. Banda la kuku laweza kuhamishwa.

Mto unaobeba mashamba

Tumefika kwenye lile swali la Malindi. Mto Sabaki huingia baharini kati ya Malindi na Mambrui. Watu wengine huujua kwa jina la Galana, na juu zaidi huitwa Athi, lakini ni mto mmoja. Huanza katika nchi ya juu karibu na Nairobi, hupita Ukambani, hupokea maji ya Makueni, hupokea mto Tsavo, kisha huvuka nyika mpaka pwani. Ni safari ya zaidi ya maili 200, na kila mvua kubwa inyeshapo mto huo hubeba mzigo. Kwa mwaka mmoja mzigo huo hufika mamilioni ya tani.

Mzigo ni wa namna mbili, na heri mkulima azitenganishe. Mchanga ni mzito, hivyo huanguka karibu na mdomo wa mto, na bahari huutandaza ufuoni. Huo ndio uliosukuma maji mbali na nyumba za Malindi na kujenga vile vilima vikubwa vya mchanga vya Mambrui. Tope ni jepesi, huelea, nalo husafiri. Wakati wa mvua za masika kusi hulipeleka kaskazini, kuelekea ghuba ya Ungwana. Mvua za vuli zikinyesha na kaskazi ikaanza kushika, tope hugeukia kusini, likapita mbele ya mji wa Malindi mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Tumekwisha sema ya kwamba matumbawe yanataka mwanga na maji masafi. Kwa hiyo mto mmoja hujenga ufuo kwa mkono huu na kuudhoofisha ukuta wa nje kwa mkono ule.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Matumbawe yale ya mafungu makubwa huongeza tabaka kila mwaka, kama mti unavyoongeza pete. Wataalamu walitoboa fungu moja la Malindi lililokuwa limeishi miaka 300 hivi, wakapima ndani ya tabaka zake madini aina ya bariamu, ambayo huja baharini pamoja na udongo wa bara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Tangu mwaka 1700 hivi mpaka mwisho wa karne ya 19 udongo uliofika Malindi haukubadilika sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaanza kuongezeka, na ukazidi kuongezeka. Basi jiwe lilikuwa likiandika daftari huko chini ya maji, mwaka kwa mwaka, la udongo uliopotea mashambani, wakati sisi tulio ofisini hatujawa na daftari hata moja.

Sababu ya badiliko hilo si uvivu wa mkulima, ingawa zamani ilisemwa hivyo. Katika miaka ile nchi ilitwaliwa kwa ajili ya walowezi, na watu pamoja na ng'ombe wao wakasongamana katika maeneo waliyotengewa, wakalima miteremko ambayo wazee wao wangeiacha ipumzike. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilitwaa ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu ikisema wanaharibu udongo. Watu wakaenda Nairobi kwa wingi kulalamika wakiongozwa na Muindi Mbingu, na serikali ikalegeza amri, ingawa yeye mwenyewe alipelekwa uhamishoni Lamu. Udongo ulikuwa unaharibika kweli, lakini dawa iliyoletwa haikuwa ya mwenye shamba.

Dawa ilipokuwa yake mwenyewe ilifanya kazi. Watu wa Machakos walijenga matuta, kwanza kwa kulazimishwa katika miaka ya 1940 na 1950, na baadaye kwa hiari yao katika vikundi vya mwethya, kwa sababu waliona mahindi yaliyo juu ya tuta yanapata maji na yaliyo nje yanakauka. Tuta lile la kuchimba mfereji na kutupa udongo upande wa juu, ambalo kila mtu hulijua kwa jina la fanya juu, lilienea huko. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa wilaya ile waliongezeka karibu mara tano, na hata hivyo mmomonyoko wa mashamba ukapungua. Nimewasikia watu wakisema ya kwamba watu wakiwa wengi lazima udongo uishe. Machakos imewajibu.

Mto hata hivyo bado ni wa kahawia. Tope lililobaki hutoka zaidi mahali pasipo na tuta: njia za ng'ombe ziendazo mtoni, mitaro ya barabara inayomwaga maji shambani, makorongo, kingo za mito zinazolimwa mpaka majini, na mashamba mapya yaliyofunguliwa katika nchi kavu. Tena watu huchukua mchanga wa mito mikavu na kuuuza kwa magari. Hapo hasara ni mara mbili, kwa kuwa mchanga wa mto mkavu ndio unaotunza maji ya kunywa wakati wa kiangazi, na ukiondolewa kingo hubomoka na tope huongezeka. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria juu ya uchukuaji wa mchanga mwaka 2015.

Tana na minazi ya Kipini

Ukitoka Sabaki kwenda kaskazini utafika kwenye mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, kiasi cha maili 600. Mto huu umewahi kuonyesha ya kwamba ufuo waweza kubadilishwa kwa jembe. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji mahali paitwapo Belezoni ili kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi. Mafuriko yakaupanua mfereji, na mwishowe Tana yote ikaifuata njia ile na kutokea Kipini, ikauacha mdomo wake wa zamani. Wakulima wanaochimba mifereji ya kumwagilia bila kuweka kizuizi imara mahali maji yanapoingia wataielewa habari hii bila maelezo zaidi.

Katika miaka iliyofuata Uhuru mabwawa ya umeme yalijengwa juu ya Tana: Kindaruma mwaka 1968, Masinga mwaka 1981, na mengine kati yao na baada yao. Bwawa huzuia maji, na maji yakitulia huangusha mzigo wake. Mchanga na udongo unaotoka miteremko ya Murang'a, Embu na Mwea huishia humo, bwawa likajaa tope kabla ya wakati wake, na mchanga ambao ungefika baharini haufiki wote. Sisemi ya kwamba mabwawa peke yake ndiyo yaliyoangusha minazi ya Kipini. Mdomo wa mto una desturi ya kuhama, mawimbi hapo hayana mwamba wa kuyazuia, na bahari yenyewe inapanda: tangu mwaka 1900 bahari za dunia zimepanda kiasi cha inchi 8, na sasa zinapanda upesi kuliko zamani. Lakini ghala linalotoa bila kuingiza hupungua, na hakuna mtu wa skimu anayehitaji kufundishwa hivyo.

Mnaona basi: Sabaki hutoa kupita kiasi, Tana hutoa pungufu, na kati ya midomo yao ni maili 50 hivi kwa ndege arukaye. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018, limekusudiwa kuzuia maji ya Athi. Litakapojaa, hesabu ya mchanga wa Malindi nayo itabadilika, na wenye viwanja vya ufuoni wasidhani ya kuwa mchanga waliopewa ni wao milele.

Vilima vya mchanga na mikoko

Vilima vya mchanga huonekana kama nchi isiyo na faida. Kwa kweli ni akiba ya ufuo. Dhoruba ikija bahari huchota mchanga wa kilima badala ya kuchota shamba, na hali ikitulia upepo huurudisha. Tena mchanga hunywa mvua na kuitunza: maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya Shela. Kinachokishika kilima ni yale majani yatambaayo yenye maua ya zambarau, pamoja na vichaka vidogo. Mbuzi wakiyamaliza, upepo wa kusi huuamsha mchanga, nao huanza kutembea kuelekea mashambani. Kuurudisha ni kazi ya miaka. Mivinje ikipandwa nyuma ya kilima husaidia kukata upepo, na fito zake zina soko, lakini isipandwe badala ya majani yale.

Kwenye hori, kazi ya ulinzi ni ya mikoko. Mlilana husimama mbele kuelekea maji, mkoko wenyewe na mizizi yake iliyo kama nguzo hufuata, na mchu na mkandaa hukaa nyuma. Mizizi hupunguza mwendo wa maji, tope likatulia, na nchi ikajengeka polepole. Lakini nao una mpaka wake. Katika mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 udongo mwingi mno ulishuka kutoka mashamba ya bara ya Kwale mpaka hori ya Mwache karibu na Mombasa. Mizizi ya mikoko huvuta hewa juu ya tope. Tope likaifunika, na miti mingi ikafa imesimama. Hakuna aliyeipiga shoka. Wakulima wa Shimba Hills wayafikirie maji yao yanayoshuka kwa mto Mkurumudzi, maana mwisho wake ni ghuba ya Gazi, ambako watu wa vijiji vya Gazi na Makongeni wamefanya kazi kubwa ya kuitunza na kuipanda upya mikoko yao. Mikoko ni msitu wa Serikali, na boriti hazikatwi bila kibali.

Yanayoweza kufanywa shambani

Mengi mnayajua, kwa hiyo nitasema machache. Tuta lipimwe kwa kufuata usawa wa ardhi, maana tuta lililoinama ni mfereji wa kupeleka udongo mtoni. Ukingo wake upandwe nepia au majani mengine ya kushika, ambayo ng'ombe watakula. Mpaka wa mto uachwe na nyasi na miti, usilimwe. Njia ya ng'ombe iendayo majini ihamishwe mara kwa mara au iwekwe mawe, na korongo lizibwe lingali dogo, kwa matawi na mawe, kuanzia juu kushuka chini. Wenye mashamba ya pwani wasichote mchanga wa ufuoni wala wa vilima, hata kwa kujengea nyumba zao wenyewe, na kisima kisichimbwe karibu sana na bahari wala kuvutwa kwa pampu mchana kutwa. Maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, na ukivuta mno, chumvi hupanda.

Mwenye shamba lililopakana na bahari anaweza pia kufanya jambo moja la manufaa kwake na kwa ofisi. Achague mti imara au nguzo iliyo mbali na ukingo, apime kwa kamba au futi kutoka hapo mpaka mahali mimea inapokoma na mchanga mtupu unapoanza, aandike tarehe na kipimo katika daftari. Afanye hivyo mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba, siku za maji mafu, bila kubadili mti wala upande wa kuelekea. Kipimo cha Machi kilinganishwe na cha Machi ya mwaka mwingine, wala kisilinganishwe na cha Septemba, kwa kuwa kusi na kaskazi huupanga mchanga kila moja kwa namna yake. Baada ya miaka mitatu alete daftari lake kwa Bwana Shamba, naye ataweza kumwambia kama ufuo wake unahama kweli, au unapumua tu kama kawaida yake.